Swichi ya Pikapu ya Baba

Stelingi iligoma. Hilo nalitanguliza, maana watu wa Kiegei na Matambarale wameshika yao miaka yote hii, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi niliyekuwa ndani ya gari. Baba alikuwa macho. Nilikaa katikati, mama yuko dirishani kushoto, baba kulia kwangu. Tulifika kwenye kona, nikaona mikono yake miwili inazunguka kidogo halafu inasimama, kama mtu aliyeshika nguzo iliyochimbiwa. Akavuta. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, "Mama Somoe, stelingi haigeuki." Mama hakuwahi kusikia neno jingine duniani. Gari ilinyooka yenyewe, ikaiacha barabara, ikaingia kwenye mkorosho kwa upande wa mama.

Somoe ndiye mimi. Nilivunjika nyonga, nikalala hospitali mpaka msimu wa korosho ukaisha, ukaanza wa kulima, ukaisha nao. Shule yangu ikaishia hapo, darasa la nne. Kwa hiyo mwandiko huu mnivumilie, lakini kumbukumbu yangu haijavunjika popote.

Baba alitoka na mchubuko wa paji la uso tu, na hicho ndicho kilichomponza. Watu hawapendi dereva atoke mzima. Siku ya kumzika mama, mimi nikiwa hospitali na nikasimuliwa baadaye, kaka yake mama, Mjomba Hashimu, alisimama mbele ya watu akasema, "Shemeji alisinzia." Basi. Baba akasema stelingi iligoma. Akaitwa fundi, akaiangalia gari pale ilipolala, akarudi anafuta mikono kwa tambara, akasema stelingi inazunguka vizuri, haina tatizo. Toka siku ile baba akawa mtu aliyemuua mke wake kwa usingizi. Hakubishana tena, wala hakushika tena usukani wa kitu chochote chenye injini.

Sasa nirudi nyuma, kule tulikokuwa tunacheka.

Ninyi wa rika langu mnaijua Matambarale ile. Redio ilikuwa kwenye nyumba moja na masikio kwenye nyumba zote. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya trekta, ikigongwa mara ya pili kabla hujafika uwanjani ulijua mapaja yako yana kazi. Asubuhi uji wa muhogo, mchana ugali wa makopa na kisamvu kilichoungwa kwa ufuta, na ming'oko tukiichimba wenyewe porini, tukiichemsha na kuimenya ikiwa moto mpaka vidole vinawaka. Wakati wa msimu wa korosho ungemtambua mtoto wa kwetu kwa mdomo tu: umebabuka, una madoa meusi, kwa sababu hatukuwa na subira ya kuacha korosho ziive vizuri motoni. Mama alikuwa akituona anasema, "Haya, wezi wangu wamerudi, wamejiandika wenyewe."

Wasichana tulicheza mdako na kombolela. Wavulana walitengeneza magari ya waya, matairi ya kandambili, na kila gari ilikuwa na ufunguo wake, kijiti cha mtama kilichochomekwa mahali fulani ambapo mwenye gari tu ndiye alipajua. Usingeweza kuichukua gari ya mwenzio bila kijiti chake. Ilikuwa sheria, na aliyeivunja hakucheza wiki nzima. Siku hizi mtoto ana gari la plastiki linalolia lenyewe, linawasha taa lenyewe, na bado linamchosha kabla ya saa sita mchana.

Sisi nyumbani tulikuwa na gari ya kweli. Baba alikuwa mkulima wa korosho, akapata misimu mitatu mizuri mfululizo, akarudi siku moja na pikapu ya rangi ya chai ya maziwa. Haikuwa mpya. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba na kiti kilikuwa kimechanika mpaka unaona majani ndani. Lakini ilikuwa pikapu, na ufunguo wake ulikuwa mmoja tu, umefungwa kwenye kipande cha mpira wa tyubu. Baba aliuvaa mfukoni mwa shati kama wenzake wanavyoweka kalamu.

Ufunguo ule kwetu ulikuwa zawadi. Kila Ijumaa baada ya swala, mtoto aliyekaa vizuri wiki ile aliitwa kuja kuiwasha gari. Wadogo zangu walikuwa watundu, kwa hiyo mara nyingi niliitwa mimi. "Somoe, njoo uiamshe." Nilikaa mapajani kwa baba, nikazungusha taratibu mpaka zile taa nyekundu za dashibodi ziwake, nikasubiri, halafu nikamalizia. Baba alisisitiza hapo pa kusubiri. "Usiishtue. Hata wewe hupendi kuamshwa kwa kibao." Ikiunguruma, kiti chote kinatetemeka, na harufu ya petroli inakupanda mpaka machoni. Watoto wa sasa wanabonyeza kitufe gari inawaka, na wanalalamika kidole kimechoka. Sijui siku yao ya Ijumaa inakuwa na nini.

Babu yangu, baba yake baba, alifia Kiegei. Tulikwenda na pikapu, baba, mama na mimi. Wadogo zangu waliachwa kwa jirani Matambarale, na kwa hilo namshukuru Mungu. Tulikuta watu wamejaa, na watani wameshafika.

Sisi Wamwera na Wangoni ni watani, na vijana wa sasa wanadhani utani ni kuandikiana vichekesho kwenye simu. Enzi zetu mtani aliingia msibani kwenu na mamlaka kamili. Alikuwa na haki ya kuchukua kitu chako chochote na kukificha mpaka umkomboe. Huruhusiwi kukasirika. Anayekasirikia utani anaonekana hana malezi. Mtani wetu mkubwa pale alikuwa Mzee Komba, aliyeoa Nachingwea, mtu mrefu mwenye sauti ya kupasua ngoma. Alivaa gauni la bibi yangu juu ya suruali. Alijilaza njiani jeneza lisipite mpaka alipopewa kibuyu cha togwa. Akaingia kwenye pikapu yetu, akashika usukani, akaunguruma kwa mdomo.

"Nyie Wamwera baiskeli tu inawashinda. Gari hii kuanzia leo ya Mngoni. Baba Somoe, wewe panda nyuma na mizigo."

Watu walicheka huku machozi ya msiba hayajakauka. Baba naye alicheka. Ndiyo kazi ya mtani, na kazi yake Mzee Komba aliijua.

Watu wakarudi kutoka makaburini. Baba alikuwa ameingia kaburini kumpokea babu, yeye na ndugu yake, akatoka na udongo mpaka nywele. Alipokung'uta shati akashika mfuko. Akashika tena. Macho yote yakaenda kwa Mzee Komba.

"Funguo?" akasema Mzee Komba. "Nimeimeza. Nileteeni jogoo niitapike."

Jogoo akapelekwa. Kesho yake akasema ufunguo umekwama kooni kwa sababu jogoo alikuwa mwembamba, anataka beberu. Beberu naye akapelekwa. Kesho kutwa Mzee Komba hayupo, ameondoka alfajiri kwenda Nachingwea na mguu wa beberu begani. Hapa ndipo ninapoona kosa letu, na ni kosa ambalo watu wasio na watani wasingelifanya. Siku tatu nzima hakuna aliyeinama kutafuta. Wanawake walifagia uwanja, taka zikaenda shimoni, mikeka ikakung'utwa, ikakunjwa, ikarudishwa kwa wenyewe, na hakuna aliyeangalia chini, kwa sababu kila mtu alijua ufunguo uko kwa mtani na mtani hubembelezwa tu.

Mtu pekee aliyepekuliwa nilikuwa mimi. Enzi zetu kitu kikipotea mtoto ndiye mtuhumiwa wa kwanza, na mimi kila mtu alijua ninavyoupenda ufunguo ule. Mjomba Hashimu alinishika sikio akanipeleka nyuma ya jiko.

"Umeuweka wapi?"

"Sina, mjomba."

"Mwongo. Wewe si ndiye unayeiamsha gari kila Ijumaa?"

Alinichapa fimbo tatu za mpera. Nilimwangalia wakati ananichapa, na nikaona anatazama ile gari badala ya kunitazama mimi. Nilikuwa mtoto, lakini nikajiuliza mtu huyu ana haraka ya nini na gari ya wenyewe.

Haraka ya baba niliijua. Mawingu yalikuwa yameanza kufunga, na korosho zetu zilikuwa zimeanikwa uwanjani Matambarale. Korosho ikinyeshewa inakuwa nyeusi, na mwaka mzima unakuwa mweusi. Kwa hiyo Mjomba Hashimu aliposema, "Shemeji, mimi nina fundi wangu Ruangwa, nikimfuata anakuja," baba alikubali kabla mjomba hajamaliza. Kesho yake mjomba akarudi na Fundi Rajabu, kijana wakati huo, kofia ameigeuza nyuma, mkoba wa vyuma unamvuta bega.

Nitaeleza alivyofanya kazi, maana nilikaa kwenye kinu kilichoinamishwa nikamtazama kila hatua, mpaka pale nilipofukuzwa. Alifungua plastiki ya chini ya usukani. Akamwambia baba, "Mzee, bila funguo silinda haichomoki. Lazima niitoboe." Akachukua keke ya mkono, akatoboa pale pale ulipokuwa unaingia ufunguo wetu, vumbi la chuma likamwagika kwenye kiti. Mimi niliona kama anamng'oa mtu jicho. Akachomeka bisibisi, akapiga nyundo, akazungusha, taa nyekundu za dashibodi zikawaka. Watu wakapiga makofi. Lakini usukani ulikuwa bado umekaza.

"Hiyo ni loki ya stelingi," akasema. "Ina bolti mbili hazina vichwa. Zinataka patasi ndogo, na patasi ndogo nimeiacha Ruangwa."

"Sasa?" baba akauliza.

"Niachie. Nitaona."

Ndipo Mjomba Hashimu akatufukuza watoto. Akaingia kwenye gari upande wa mama, wakafunga milango yote miwili, na vioo wakapandisha, joto lile la mchana. Nilisikia kugonga, nikasikia kunong'ona. Fundi akatoka mara moja, akaenda jikoni, akarudi ameficha kitu kiganjani. Baadaye kidogo usukani ukazunguka. Swichi nyingine, iliyotoka kwenye trekta bovu, akaining'iniza chini ya dashibodi kwa waya, ikiwa na ufunguo wake mwembamba kama wa kufuli la sanduku.

Baba alikuwa mtu wa kuuliza. Akauliza, "Na ile loki, fundi?"

Fundi Rajabu akasema, "Loki nimeshaiua, mzee. Endesha."

Mjomba alikuwa amesimama pale pale. Alisikia kila neno.

Jioni hiyo bibi alilalamika jikoni kwamba mchi wake wa mpingo, ule uliovunjika kichwa ambao alikuwa anachochelea moto, mtu ameuchonga pembeni. "Watoto hawa wataniulia vyombo vyangu vyote." Tukatukanwa sisi. Tulishazoea.

Asubuhi tukaondoka. Mama aliizunguka gari mara mbili kabla ya kupanda. "Baba Somoe, hii gari imefunguliwa kama kopo la samaki. Kitu kilichofunguliwa bila ufunguo wake mimi kinanitia wasiwasi." Baba akamwambia apande, mvua inakuja. Mjomba Hashimu anakaa Nachingwea mjini, njia ni moja, na alipokuja msibani alisema atarudi na sisi. Baba akamwita. Mjomba akasema, "Ninyi tangulieni, mimi nitapata baiskeli." Baiskeli, kutoka Kiegei, na pikapu ya shemeji yake inaunguruma mbele yake, nyuma ina nafasi. Nililishika hilo neno siku ile, na sijaliachia.

Tulipita Nachingwea mjini, tukashika njia ya Ruangwa. Barabara ilikuwa ya vumbi, ina mawimbi, na gari inatetemeka mpaka meno yanagongana. Mama alifumba macho, ameshika dirisha. Kitu kikadondoka juu ya mguu wangu. Nikainama, nikaokota kijiti cheusi, kifupi kama kidole changu cha kati, kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, kina grisi. Upande mmoja umechongwa, upande mwingine ni laini, unang'aa. Ule ulaini niliujua. Ni ulaini wa mchi wa bibi, mikono ya wanawake wa Kiegei imeusugua miaka na miaka. Nikajiuliza umefikaje huku. Nikataka kumwonyesha mama, mama amefumba macho. Nikataka kumwonyesha baba, nikakumbuka tulivyotukanwa kwa ajili ya mchi ule, nikaogopa itaonekana ni mimi. Nikakifunga kwenye pindo la kitenge changu.

Barabara ile ilikuwa imenyooka. Tulikwenda muda, sijui kiasi gani, mtoto hana saa. Halafu ikaja ile kona.

Mengine mmeshayasoma hapo juu.

Kijiti nilikikuta hospitali. Mwanamke wa kitanda cha jirani ndiye aliyekifungua kutoka kwenye kitenge kabla hakijachomwa na damu zake, akaniwekea chini ya mto. Nilikitunza kwa sababu kilikuwa kitu cha mwisho nilichokishika mama akiwa hai upande wangu wa kushoto. Nilikuwa sijui ni nini. Nimeolewa nacho, nimezaa nacho, nimehama nacho. Kiko kwenye kopo la vifungo. Mume wangu alifikiri ni dawa ya kienyeji, akaniogopa mwaka mzima.

Baba amefariki mwezi uliopita, hapa Matambarale. Miaka ya mwisho alikuwa anakaa kibarazani mikono yake miwili iko mbele, kama ameshika kitu cha mduara, na akiona natazama anaishusha. Siku ya mazishi yake Mjomba Hashimu alikuja, mzee sasa, mkongojo mkononi, na hata pale, mbele ya maiti, akamwambia mtu aliyekaa naye kwenye mkeka, akijua nasikia, "Alikuwa mtu mwema, ila usingizi ule." Fundi Rajabu naye alikuja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Amehamia Narung'ombe, ana mashamba ya ufuta, watu wanamwita mzee. Alikula, akanawa, akaja kunipa pole, na aliponishika mkono akautazama mguu wangu, akauachia mkono wangu haraka kuliko desturi.

Mzee Komba pia alifika. Amezeeka, haoni vizuri, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Hakuleta utani wowote. Alikaa karibu yangu, akasema, "Binti, mie ile funguo sikuwa nayo."

Nikamwambia, "Jogoo ulimla, mzee. Na beberu."

"Nilimla. Mtani akiulizwa hasemi sina. Ningesema sina, utani umekwisha pale pale. Nikajua mtaikuta tu kwenye mkeka." Akapapasa mkeka kwa kiganja. "Mie nadhani iko kwa babu yako. Baba yako aliinama sana mle kaburini."

Na mimi nadhani hivyo hivyo. Ufunguo wetu uko Kiegei, chini ya udongo. Mzee Komba nimemsamehe, kwa sababu amekuja mwenyewe kwa miguu yake akasema. Wale wawili hawajasema.

Labda ningekaa kimya mpaka na mimi nizikwe. Lakini wiki mbili zilizopita mwanangu Yusufu alipoteza ufunguo wa gari yake Ruangwa. Kijana wa siku hizi: kwanza alituma ujumbe kwenye grupu la ukoo, watu arobaini wakajibu kwa vikaragosi, hakuna aliyesaidia. Akaita fundi. Nikawekewa stuli kivulini, nikakaa kutazama kama nilivyokaa kwenye kinu siku ile. Fundi alikuwa kijana mwenye hereni, kila dakika anatazama simu, nikamdharau. Lakini alipotoboa silinda hakuishia hapo. Akatoa patasi ndogo, akazigonga zile bolti zisizo na vichwa, taratibu, mpaka zikalegea, akaitoa loki yote nzima na kuiweka kwenye kiganja changu.

"Mama, hii ndiyo mbaya wake," akasema. "Unaona huu ulimi? Una springi. Ukitoa funguo unaruka, unaingia kwenye tundu la chuma cha stelingi, gari haigeuki. Sasa kuna mafundi wavivu. Silinda wanatoboa, loki wanaiacha, wanausukuma ulimi nyuma halafu wanaukaza na kitu."

"Na kitu gani?"

"Chochote. Msumari. Kijiti."

"Kijiti kikidondoka?"

"Ulimi unasubiri. Barabara ikiwa imenyooka unaweza usijue. Ukikata kona, tundu linakuja mbele yake, unaingia. Hapo mama hata uwe na nguvu za trekta."

Nilimwomba maji. Yusufu akadhani ni jua.

Nilipofika nyumbani nilimwaga kopo la vifungo kitandani. Siku ya pili nikamrudia yule kijana na kijiti changu. Akakipima kwenye loki kuukuu aliyokuwa nayo. Kikaingia nyuma ya ulimi, kikakaa. Akakitikisa, kikatoka. Hakuniuliza nimekitoa wapi. Alizima simu yake akaiweka mfukoni, akanipa shikamoo, ingawa tulishaamkiana.

Siwezi kuwaficha jambo moja, wenzangu. Kijiti kilikuwa mikononi mwangu. Mtoto wa sasa angesema tu, "Baba, nimeokota hiki, nini hiki?" na baba yake angesimamisha gari. Watoto wa sasa wanauliza mpaka wanachosha, na mimi nilikuwa nawacheka kwa hilo. Siwacheki tena. Sisi tulifundishwa kwamba aliyekishika kitu ndiye aliyekiiba. Nilikuwa bado nina alama za fimbo za mpera, nikafunga mdomo nikafunga na pindo. Sehemu yangu hiyo nimeibeba, na nyonga hii inanikumbusha kila hatua. Sasa nataka kila mtu abebe yake.

Mama alikuwa akituona tumejiandika midomoni kwa korosho anajua bila kuuliza. Enzi zile mkosaji alikuwa na doa usoni, na doa lilikaa wiki. Siku hizi mkosaji anavaa kanzu ya pasi, anakuja kula msibani kwa mtu aliyemchafulia jina, ananawa mikono na kwenda zake Narung'ombe.

Fundi Rajabu. Uliuchonga mchi wa bibi yangu ukaweka kijiti chake mahali pa kazi uliyoshindwa kuimaliza. Ukamwambia baba loki umeiua. Halafu ukaitwa kuikagua gari, ukasema stelingi haina tatizo. Uliichomoa loki pale kwenye mkorosho kabla watu hawajafika karibu, au uliurudisha ulimi kwa bisibisi? Sema ulifanya lipi.

Mjomba Hashimu. Ulikuwa ndani na vioo vimepandishwa. Ulikiona kijiti kikiwekwa. Kama fundi wako alikuambia umwambie shemeji yako airudishe gari Ruangwa akaimalizie, mbona hukusema? Na kama hakukuambia, ulijuaje kwamba siku ile ni afadhali baiskeli? Aliyekufa alikuwa dada yako wa tumbo moja. Umemwangushia baba yangu usingizi miaka yote hiyo ili nani alale?

Arobaini ya baba ni Ijumaa ijayo, hapa Matambarale, baada ya swala. Mmealikwa wote wawili, na watu wale wale waliosikia neno la kwanza nimewaalika. Mkeka utakuwa wazi katikati. Kijiti nitakiweka juu yake. Njooni mmwambie baba yangu, mbele za watu, kwamba hakusinzia.